Mwenye nyumba akipandisha kodi hapa Mwanza: sheria inakulinda wapi, inakuacha wapi

Mpangaji wa Nyakato (mleta uzi):

Mwangaluka wadau, na heshima kwa wakubwa.

Naleta uzi huu kwa sababu jambo hili linawaliza watu mitaani na majibu wanayopewa karibu yote ni ya kubahatisha. Mtu anatumiwa ujumbe tarehe 26: "Kuanzia mwezi ujao chumba na sebule ni laki na ishirini, ukishindwa acha funguo kwa mjumbe." Anamuuliza jirani, anaambiwa nenda Baraza la Nyumba la Mkoa. Anamuuliza dalali, anaambiwa nyumba ni ya mwenyewe, atapandisha atakavyo na siku atakayo. Wote wawili wanampoteza.

Nianze na la baraza. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, na chini yake kulikuwa na mabaraza ya nyumba ambako mpangaji aliweza kulalamika kwamba kodi imezidi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo nyumba za watu binafsi hazina kiwango cha juu cha kodi, iwe Mabatini juu ya mawe au Capri Point kando ya maji. Hakuna asilimia ambayo mwenye nyumba amekatazwa kuivuka. Inaniuma kuliandika hili, lakini ni bora ulijue mapema kuliko kupoteza nauli na siku ya kazi ukashitaki kwamba "kodi ni kubwa mno". Kwa hoja hiyo peke yake huna kesi.

Dalali naye amekosea kwenye neno "siku atakayo". Upangaji sasa unaongozwa na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999. Haikupangii bei, ila inagusa muda na utaratibu, na hapo ndipo mpangaji ana nguvu ambayo wengi wetu hatujui kama tunayo.

Tuseme umelipa miezi sita, Januari hadi Juni, kwa 80,000 kwa mwezi. Umetoa 480,000 na umepewa risiti. Machi mwenye nyumba anakuja na bei ya 110,000 kuanzia Aprili. Hawezi. Bei ya ile miezi sita mlishakubaliana na pesa ameshapokea. Labda mkataba wenyewe uwe na kipengele kinachomruhusu kupandisha katikati, na ndiyo maana mkataba husomwa kabla ya kusainiwa. Bila kipengele hicho, Aprili, Mei na Juni ni zako kwa bei ileile, na hudaiwi nyongeza hata shilingi.

Baada ya Juni hali inategemea mlivyoandikiana, na hapa naomba msome taratibu.

Kama mna mkataba wa maandishi unaosema upangaji unaisha tarehe 30 Juni, basi unaisha siku hiyo. Hakuna anayelazimika kukuongezea muda, na akitaka bei mpya kwa mkataba mpya ni haki yake. Wewe una haki ya kukubali, kuvutana naye bei, au kuondoka.

Kama hamna maandishi, yaani ulionyeshwa chumba, ukalipa, ukaingia, usidhani huna ulinzi. Kifungu cha 79 cha sheria hiyo, kwa namba za ilivyotungwa mwaka 1999, kinasema anayekaa kwenye nyumba ya mtu kwa kulipa kodi bila mkataba wa maandishi ni mpangaji wa vipindi, na kipindi chake ni kile anacholipia. Unalipa kila mwezi, kipindi ni mwezi. Unalipa kila miezi mitatu, kipindi ni miezi mitatu. Mwenye nyumba akitaka kuuvunja upangaji huo lazima atoe notisi isiyopungua kipindi kimoja, na notisi hiyo iishie kwenye siku ya kulipa kodi. Hawezi kubadilisha bei peke yake katikati ya vipindi. Anachoweza ni kukuambia upangaji huu naumaliza kwa notisi, na ukitaka kuendelea, bei mpya ni hii.

Kwa hiyo ule mtindo wa kulipishwa miezi sita kwa mkupuo, ambao sote tunaulalamikia kwa haki kabisa, ndio huohuo unaokupa notisi ndefu pale ambapo hamkuandikiana. Ujumbe wa tarehe 26 hauna nguvu ya kukutoa tarehe 1.

Liko na la tatu, ambalo ndilo limewakuta wengi. Mkataba uliisha mwaka juzi, hakuna aliyekumbuka kuuhuisha, wewe unalipa na yeye anapokea. Kifungu hichohicho kinasema mpangaji aliyebaki ndani kwa ridhaa ya mwenye nyumba baada ya mkataba kuisha anahesabiwa kuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, isipokuwa mmekubaliana vingine, na masharti ya mkataba wa zamani yanaendelea kwa kadiri yanavyoendana na upangaji wa mwezi. Kodi ya zamani ni mojawapo ya masharti hayo.

Ila angalia sana hapa: ukishailipa bei mpya kimyakimya, umeikubali. Wengi hulipa kwa shingo upande wakitegemea kuja kulalamika baadaye, na baadaye risiti ya bei mpya ndiyo inayowafunga.

Karibuni kwa maswali na uzoefu.


Mama Saluni:

Asante mleta uzi, Mungu akubariki. Mimi nina fremu ya saluni pale Buzuruga, 200,000 kwa mwezi. Mwenye fremu anasema hajapandisha kodi, ila kuanzia sasa nilipe mwenyewe ile asilimia 10 ya TRA (Mamlaka ya Mapato) juu ya kodi yangu. Kweli ni mzigo wangu?


Mpangaji wa Nyakato:

Dada, hiyo ni nyongeza ya kodi ya pango iliyovishwa nguo nyingine. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inatoka kwenye pato la mwenye fremu. Wewe mfanyabiashara umepewa kazi ya kuikata na kuipeleka tu. Kama pango ni 200,000, yeye unampa 180,000, TRA unapeleka 20,000, na anapata hati inayoonyesha kodi yake imeshalipwa ili aitumie kwenye hesabu zake. Akisema anataka 200,000 kamili mkononi, maana yake pango lenu limekuwa kama 222,000, kwa sababu asilimia 10 inahesabiwa kwenye pango zima. Mwambie hivyo kwa heshima, umpigie na hesabu mbele yake, kisha mjadiliane kama nyongeza ya pango ilivyo: kwa muda na kwa makubaliano. Anayepanga nyumba ya kuishi tu, asiye na biashara, hahusiki na kukata hiyo kodi.

Halafu, dada, mkataba wa fremu upeleke ukalipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa fremu yako ni 24,000. Mkataba usiolipiwa unakwamishwa ukiuleta kama ushahidi, na siku ya mgogoro hutaki kuanza kukimbizana na stempu.


Mzee wa Meli:

Vijana, mimi nimekaa Igogo tangu meli zikiwa nyingi. Hayo mabaraza ya nyumba yalikuwepo kweli, na watu walikwenda. Kwa hiyo msiwacheke wanaoelekeza huko, walikuwa na mahali pa kwenda. Swali langu ni moja, leo mtu aende wapi?


Mpangaji wa Nyakato:

Shikamoo mzee wangu. Hakuna wa kuwacheka, walizoea ulinzi ambao sisi tumeukosa.

Leo njia ni hii. Kwanza mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hawa hawana mamlaka ya kuamua kesi ya upangaji, lakini mengi huishia kwao kwa sababu wanawajua wote wawili, na maandishi ya kikao chao yanasaidia mbele ya safari. Mkishindwana, Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi na nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, linakupa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, nawe unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na siku 30 zikipita tangu ulipofungua shauri pale kata bila usuluhishi kukamilika, sheria inakuruhusu kwenda wilayani hata bila hati hiyo. Wengi wamekaa wakizungushwa "njoo wiki ijayo" bila kujua kwamba mlango wa pili umeshafunguka. Kwa hiyo siku ya kufungua shauri hakikisha inaandikwa na wewe unabaki na nakala.

Asiyeridhika na uamuzi wa wilaya anakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45.


Mwenye Nyumba Kiseke:

Naomba na sisi tusikilizwe. Nina vyumba vya kupangisha Kiseke, nilijenga kwa mkopo na marejesho hayasubiri. Saruji, nondo, bati, fundi, vyote vimepanda. Mpangaji analipa miezi mitatu, halafu anakaa miwili bila kulipa, ukimwambia kitu anakimbilia kwa mwenyekiti kwamba unamnyanyasa. Uzi mzima ni haki za mpangaji. Zetu ziko wapi?


Mpangaji wa Nyakato:

Kaka, malalamiko yako ni ya kweli. Sheria hiyohiyo inamlazimu mpangaji kulipa kodi kwa wakati, kutunza nyumba na kuirudisha katika hali nzuri, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Asiyelipa anavunja mkataba, na una haki ya kumpa notisi na kudai nyumba yako kwa utaratibu. Siwezi kumtetea anayekaa bure kwenye jasho la mtu.

Ninachopinga ni kushtukiza. Kama unajua marejesho yako yatakulazimu kuongeza kila mwaka, andika kwenye mkataba tangu siku ya kwanza: mwaka wa kwanza bei hii, Januari inayofuata bei hii. Mpangaji aliyeona hayo akasaini hana pa kulalamikia, na wewe hugombani na mtu kila Desemba. Mtu anayefungua genge Nyasaka au anayeshusha dagaa Mwaloni anapanga maisha kwa hesabu ndogondogo. Nyongeza ya 30,000 aliyoambiwa miezi mitatu kabla ataitafuta. Akiambiwa siku nne kabla, ni ada ya mtoto inaondoka.

Na wajibu wako upo pia. Kifungu cha 88 kinakuweka wewe kwenye paa, kuta kuu na mifereji mikuu, hata kama mkataba haukutaja. Kupandisha bei ya nyumba inayovuja ni kumlipisha mtu kwa kitu ambacho bado hujampa.


Malimbe Hosteli:

Mkuu, sisi ni wanafunzi, tumepanga huku Malimbe. Tumelipa hadi Agosti. Mama mwenye nyumba alipandisha bei, mwenzetu akakataa, jana tumerudi chuoni tumekuta kufuli jipya mlangoni. Vitabu na kompyuta viko ndani. Polisi wametuambia hiyo ni kesi ya madai. Tufanye nini?


Mpangaji wa Nyakato:

Poleni sana wadogo zangu. Hili ndilo linalonikera kuliko yote humu.

Mpangaji anayelipa kodi ana haki ya kuishi kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba. Haki hiyo imo kwenye kila upangaji hata kama hamkuiandika, imewekwa na kifungu hichohicho cha 88. Kufuli ndani ya muda mlioulipia ni kuivunja waziwazi. Hali kadhalika kukata maji, kuzima umeme ili mtu achoke, au kuezua bati. Kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Mwenye nyumba, watoto wake na vijana wa kijiweni hawana kazi hiyo.

Msivunje kufuli. Mkivunja, kesi itageuka kuwa yenu. Leo hii piga picha ya mlango na kufuli, tarehe ionekane. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mwombeni aje aone na aandike. Mara nyingi kufuli hufunguliwa hapohapo, maana mwenye nyumba akishaona kuna maandishi anajua jambo limekuwa kubwa. Likishindikana, fungueni shauri Baraza la Kata leoleo ili zile siku 30 zianze kuhesabiwa, na mkifika wilayani ombeni amri ya zuio pamoja na fidia ya siku mlizofungiwa nje. Mkikuta vitu vimeharibiwa au vimepotea, au mtu amepigwa, hiyo ni jinai. Rudini polisi na orodha ya vitu vyenu.

Msiwe na hofu ya wakili. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa, wanasaidia bure wasio na uwezo. Muulizeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri, atawaelekeza aliye karibu.


Malimbe Hosteli:

Tumekwenda na mwenyekiti. Kafungua. Anasema ifikapo Agosti tuhame.


Mpangaji wa Nyakato:

Nimefurahi sana. La Agosti angalieni mlivyoandikiana. Kama karatasi inasema mwisho ni Agosti, anzeni kutafuta mapema, kabla vyuo havijafungua na madalali hawajapandisha bei. Kama hakuna karatasi, hayo maneno yake aliyasema mbele ya mwenyekiti, basi mwombeni ayaandike kama notisi, muone kama yanafikia kipindi mnacholipia.


Jabali la Mabatini:

Kwetu mzee mwenye nyumba amefariki. Sasa watoto wake watatu kila mmoja anakuja na bei yake, na kila mmoja anataka alipwe yeye.


Mpangaji wa Nyakato:

Poleni kwa msiba. Kifo cha mwenye nyumba hakivunji upangaji wenu. Anayesimamia mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ndiye wa kupokea kodi na wa kutoa notisi. Waombeni, kwa unyenyekevu kwa sababu wamefiwa, nakala ya barua ya usimamizi. Hadi hapo bei inabaki ileile, na kodi wekeni pembeni bila kuigusa, mkiwaandikia wote watatu kwamba ipo na mtamlipa msimamizi atakayeteuliwa. Msimpe mmoja wao kwa sababu tu ndiye mkali. Mnaweza kulipishwa mara mbili.


Dada wa Pasiansi:

Umesahau LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita iko kwa jina lake, umeme nanunua mimi, na kila mwezi kuna makato ya kodi ya jengo.


Mpangaji wa Nyakato:

Asante kunikumbusha. Kodi ya jengo ilianza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Mlipaji wake kisheria ni mwenye jengo. Kwa hiyo tunza ujumbe wa manunuzi na siku ya kujadili kodi mpya weka hizo 18,000 mezani. Zijumlishe na ulichotumia kubadilisha kitasa au kuziba paa kwa ruhusa yake, na hiyo ruhusa iwe imeandikwa.


Kaka Isamilo:

Na sisi tunaotozwa kwa dola? Kila dola ikipanda, kodi imepanda.


Mpangaji wa Nyakato:

Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa ndani. Dai mkataba wa shilingi, kwa kiasi kinachojulikana.


Mama Saluni:

Mleta uzi, tuandikie hiyo barua ya kumjibu. Wengine tukishika kalamu tunakuwa wakali, halafu tunaharibu.


Mpangaji wa Nyakato:

Iwe fupi na ya adabu, kwa karatasi au hata WhatsApp. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, kwa hiyo usiufute, wala usifute ujumbe wa malipo ya M-Pesa.

"Shikamoo baba. Nimepokea ujumbe wako wa tarehe fulani kuhusu kodi mpya. Kodi niliyokulipa inaishia tarehe fulani na risiti ninayo. Nitaendelea kwa masharti ya sasa hadi tarehe hiyo. Kuhusu kipindi kinachofuata, naomba tukae tuzungumze, ikikupendeza mbele ya mjumbe, na tutakachokubaliana tukiandike."

Usiweke vitisho, wala usitaje vifungu kwenye barua ya kwanza. Vifungu vina siku yake.


Jabali la Mabatini:

Na akikataa kupokea kodi ya zamani, ili aje kusema sijalipa?


Mpangaji wa Nyakato:

Hilo hufanyika sana. Mtumie kwa namba ileile uliyozoea kumlipia, siku ileile ya kulipa, kiasi kilekile. Akiirudisha, ujumbe wa kurudishiwa unaonyesha kwamba wewe ulilipa na yeye ndiye aliyekataa. Akikataa mkononi, nenda siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa mtaa ukaonyeshe pesa, aandike na agonge muhuri. Halafu pesa hiyo usiitumie hata ukibanwa vipi, iweke mahali pake. Baraza likikuuliza kodi iko wapi, uwe nayo.